Dirisha Nililolipiga Msasa

Juni 16, 2012

Marufuku ya kazi za jua la adhuhuri imeanza jana. Sisi wa karakana haituhusu, eti tuko ndani. Ndani ni chini ya bati, na feni moja ambayo Philip ameielekeza kwenye meza yake. Kipimajoto cha mlangoni kinasema arubaini na nne nje, arubaini na sita ndani. Anayesema tumebahatika hajui kutoa.

Leo nimepewa meza ya uchongaji. Miaka miwili nimebeba mbao za jasi kwenye ngazi za West Bay, hapa Doha, mimi niliyezaliwa Wamunyu, Ukambani kwa wachongaji, nikashika tezo kabla ya kalamu. Kwenye karatasi za kampuni bado ni kibarua. Majaribio yanaisha katikati ya Septemba: nikifaulu naandikwa fundi wa nakshi, nikishindwa narudi kwenye jasi. Naandika wazi kwamba hakuna aliyenisaidia kufika hapa, kwa sababu Philip ameshaanza kuwaambia watu yeye ndiye alinivuta. Philip ni msimamizi wetu, Mkenya mwenzangu wa Kakamega. Amenivuta wapi? Alinikuta nimefika.

Juni 19

Vumbi. Hata mate ni mchanga.

Juni 24

Limefika sanduku kutoka Nepali, mji unaitwa Bhaktapur, mji wa mahekalu na wachongaji. Ndani madirisha mawili ya nakshi ya kupamba mkahawa wa hoteli moja. Kila moja sentimita tisini kwa sitini, katikati tausi amekunjua mkia, pembeni maua na nyoka. Mti wao unaitwa sal, mgumu kama mpingo.

Kazi nzuri, lakini haijaisha. Alama za patasi zimejaa kila mahali, ukipitisha kiganja unahisi vijibonde. Nikasema moyoni, hawa jamaa walichoka au meli ilikuwa inaondoka.

Philip akapita. "Agasti, safisha hizo vitu. Nataka zing'ae. Madam anakuja Alhamisi."

Mnepali tuliye naye mezani, Rabin, yuko Lusail akipachika milango. Afadhali. Tangu nije ananitazama mikono kama mwalimu wa mtihani.

Juni 27

Dirisha la kwanza limekwisha. Msasa mkali, wa kati, kisha laini, kisha kiwi nyeusi ya viatu, brashi, halafu kitambaa cha pamba. Ndivyo tunavyomaliza kazi Wamunyu. Kinyago kisichopigwa msasa kwetu ni kazi ya mlevi. Tausi anang'aa hadi unaona feni ndani yake. Kesho la pili.

Juni 28

Hakukuwa na la pili.

Rabin alirudi asubuhi akakuta nimelisimamisha dirisha mahali pa kuonekana. Akauliza, kwa kile Kihindi-Kiarabu tunachoongea wote huku Sanaiya, mtaa wa viwanda, "Nani amefanya hivi?"

"Mimi," nikasema. Nilikuwa nasubiri sifa.

Akachuchumaa. Akapitisha ukucha kwenye mkia wa tausi, polepole, kama mtu anayetafuta ufa. Kisha akaenda kwa lile ambalo halijaguswa, akafanya vilevile, akarudi.

"Dai," akaniambia, yaani kaka mkubwa, hivyo ndivyo wanavyoita watu, "kwetu patasi ndiyo mwisho. Baada ya patasi ni mafuta ya haradali, basi. Zile alama ni mkono wa baba yangu mdogo. Umezila zote."

"Nimezila vipi? Nimemaliza kazi aliyoacha."

"Hakuacha kitu."

Philip akaja mbio. "Mimi nilimwambia asafishe! Kusafisha ni kitambaa!"

"Ulisema zing'ae."

"Kwani sahani haing'ai bila kuparuzwa? Wewe Mkamba, ukiambiwa uoshe mtoto utamtoa ngozi?"

Karakana nzima ikacheka. Bado nawasikia.

Saa hiyohiyo akaingia Madam Rula, Mlebanoni anayepanga ule mkahawa, pamoja na mudir wetu, yaani meneja. Akatazama jeusi, akatazama la kahawia. "Niliagiza jozi," akasema. Hilo tu. Mudir ndiye aliyemalizia, na hakupandisha sauti. Dirisha lingine lipatikane kabla ya mkahawa kufunguliwa Septemba. Rabin ni mpwa wa mchongaji, ataenda kulisimamia. Na mimi nitaenda naye, kwa likizo yangu, kwa tikiti yangu ya mwaka ambayo ilikuwa ya Nairobi. "Rudi na dirisha, utabaki mezani. Rudi bila dirisha, jasi inakungoja."

Nikamwona Rabin akiinamisha kichwa kuficha tabasamu. Nimeliona kwa macho yangu. Nitalikumbuka.

Juni 29

Nimempigia mke wangu, Mama Brandon. Alikuwa ameshaambia watu nafika Julai, na kuku wawili wameshawekwa kando.

"Yaani unaenda Nepali badala ya nyumbani."

"Ni kazi, Jennifer."

"Madirisha ni yako?"

"Si yangu."

"Sasa kama si yako, mbona ndiyo unayaendea?"

Nikamweleza habari ya majaribio na karatasi. Akasema, "Haya. Kuku tutawala sisi."

Julai 5

Ruhusa ya kutoka nchini haijatiwa sahihi. Huwezi kupanda ndege bila sahihi ya kafili, mwajiri aliyekudhamini.

Julai 9

Haijatiwa.

Julai 15

Haijatiwa. Rabin hali vizuri, anatembea-tembea ua wa kambi kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Mimi ndiye ninayepoteza likizo, yeye anahangaikia nini?

Julai 18

Imetiwa. Mmoja wa watu wa ofisini alisema ingekuwa leo au baada ya Ramadhani. Nusura.

Julai 21, Bhaktapur

Mvua. Nilikuwa nimesahau kwamba maji yanaweza kuanguka bila mtu kuyafungulia bomba. Mji wote ni tofali nyekundu na mbao nyeusi, barabara zenyewe tofali, na kila ukigeuka kuna hekalu. Sikuja kusali, mimi ni mtu wa kanisa la AIC, nikamwambia Rabin mapema. Akasema hakuna aliyeniomba.

Kuna moja lenye mapaa matano, moja juu ya jingine. Kwenye ngazi zake wamekaa walinzi wa mawe wawili wawili: chini wapiganaji mieleka, juu yao ndovu, kisha simba, kisha wanyama wenye midomo ya ndege, kisha miungu wa kike. Rabin anasema wapiganaji wana nguvu za watu kumi, na kila jozi inaizidi ya chini yake mara kumi. Nikapiga hesabu tukiwa tumesimama mvuani: wale wa juu wana nguvu za watu laki moja. Nikamwambia wangetosha kumwangusha Philip. Akacheka. Sikukusudia acheke.

Ndovu wale nimewakagua. Masikio madogo, nikasema wamekosea. Rabin akasema ndovu wa Asia ndivyo alivyo. Haya.

Na jambo jingine ambalo Mama Brandon hataliamini. Mapaa yanashikiliwa na miti iliyochongwa miungu, lakini chini kabisa ya ile miti wamechongwa watu wakifanya mambo ya chumbani. Waziwazi! Akina mama wanapita chini na vikapu vya mboga, hakuna anayeinua kichwa. Mimi niliinua. Mzee mmoja wa mlangoni akaniona, akanionyesha kwa kidole ulipo mwingine mzuri zaidi.

Julai 22

Baba mdogo wa Rabin anaitwa Gyan. Amekaa sakafuni, mguu mmoja unashikilia ubao, mdomoni hana meno ya mbele. Rabin alimwonyesha picha ya tausi mweusi kwenye simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata nilikuwa na majibu.

Mzee akauliza swali moja, Rabin akatafsiri: "Ule weusi umeutoa wapi?"

"Kiwi ya viatu."

Akacheka mpaka akaweka patasi chini. Akawaita majirani. Wakaja wanne, akawaeleza, akawa anajipiga kwenye kiatu halafu anapiga ubao. Mmoja akanivulia sandali akaniletea niing'arishe.

Walipokwisha akanipa jiwe la kunolea na fungu la patasi. Ndiyo kazi yangu.

Julai 26

Nanoa.

Julai 29

Nanoa. Ndovu niliowachonga maishani hawapungui elfu tisa. Sentimita kumi na tano kila mmoja, ukiwapanga mkia kwa mkonga ni zaidi ya kilomita nzima ya ndovu. Na hapa nimewekwa kunoa! Mzee na Rabin wanachonga, mimi nawatengenezea makali. Zamu yangu ikiisha najiondokea, nazunguka mji, nafika uwanja wa wafinyanzi ambapo vyungu vimefunikwa kwa sababu jua halitoki, nageuka, narudi. Miguu haitulii. Nikikaa naiona Septemba.

Agosti 2

Leo Rabin ameniambia kesho hakuna kazi. Sikukuu. Na keshokutwa hajui. Nikamwambia kule Doha hakuna anayejua sikukuu yenu, wanajua dirisha. Akaenda kukata mianzi na baba yake mdogo.

Agosti 3

Ni siku ya wafu wa mwaka huu. Kila nyumba iliyofiwa inatengeneza mnara wa mianzi, inauvika kitambaa, inaweka picha ya marehemu, kisha inaubeba kuzunguka mji wote. Mbele wanaenda vijana wakigonganisha fimbo, kwa ngoma, na wengine wamevaa mavazi ya kuchekesha. Kilio na kicheko barabara moja.

Mnara wa kwetu ulikuwa wa mke wa Mzee Gyan. Picha yake, mwanamke mwembamba ameshika ungo. Rabin alikuwa akiifuta picha ile kila tone la mvua lilipoigusa, nikamuuliza, si alikuwa mke wa baba mdogo tu?

"Ndiye aliyenilea. Mama yangu alikufa nikiwa wa miezi." Alikuwa anafunga kamba, hanitazami. "Amekufa Februari. Niliomba ruhusa. Sahihi ilitoka wiki mbili baadaye, walikuwa wamemchoma zamani. Nikairudisha. Mwaka huu nisingeruhusiwa tena. Halafu wewe ukala dirisha."

Nikasimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Kumbe ndilo lile tabasamu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, dai? Ahsante kwa kuharibu?"

Mbebaji mmoja alikuwa mzee mno. Nikamtoa, nikaingiza bega langu. Mnara ule si mzito, nadhani kilo thelathini, lakini umebebwa na watu wanne wa urefu tofauti kwa hiyo mfupi habebi kitu na mrefu anabeba vyote. Mimi ndiye mrefu. Tuliuzunguka mji wote, mvua ikija na kuondoka, na watu wakinitazama mimi Mwafrika chini ya picha ya mama yao, na hakuna aliyeuliza.

Agosti 5

Mzee amenipa patasi. Sio kunoa. Amenionyesha jicho la unyoya wa tausi: pigo moja kushuka, pigo moja kuzunguka, kisha kigamba kinaruka chenyewe. Ukirudia umechafua. Mimi mkono wangu umezoea kurudia, kwetu unakosea kwa tezo unasahihisha kwa kisu, kosa la kisu linamezwa na msasa. Hapa hakuna wa kukumezea.

Amenipa vipande vya taka nichonge. Nimeharibu vyote.

Agosti 8

Saa za alasiri mwanga unaingia mlangoni kwa ubavu. Hapo ndipo nilipoona. Kila alama ya patasi inashika kivuli chake, na ukisogeza kichwa vivuli vinasogea, mkia wa tausi unatikisika. Nikakumbuka lile la Doha, laini kama chupa. Rabin aliniona nikisogeza kichwa huku na huku, akawa anafanya kama hakuniona.

Agosti 10

Manyoya saba ya upande wa kushoto ni yangu. Mzee ameyapitishia ukucha, akatikisa kichwa kile cha kwao ambacho hujui ni ndiyo au siyo. Rabin anasema ni ndiyo. Nimelala kama mtoto.

Agosti 14

Limekwisha. Halina msumari wala gundi, vipande vinashikana vyenyewe, kwa hiyo tumeligonga likaachia, tukavifunga vipande kwenye sari kuukuu za marehemu na kuvigawa mizigo miwili. Mzee alinipa patasi moja nyembamba. Akaniambia kitu kirefu. Rabin akatafsiri kifupi: "Anasema kiwi uache."

Agosti 22, Doha

Idi imepita. Leo tumelipanga dirisha mbele ya mudir, Philip na Madam Rula. Liliingiana kipande kwa kipande kwa ngumi tu. Nilijiona nimeshamaliza majaribio.

Madam akalizunguka. Akasema ni zuri. Halafu akasema tulipokuwa safarini walilitundika lile jeusi kwenye ukuta wa mkahawa kujaribu, na mwenye hoteli amelipenda kuliko kitu chochote humo ndani. Linaakisi taa, na lile la kahawia la kwanza mwenye hoteli ameshampa rafiki yake. Anataka jozi, na jozi ni jeusi na jeusi.

"Kwa hiyo," mudir akasema, "fanya kama ulivyofanya. Msasa na ile rangi yako. Leo kwenye karatasi naandika fundi."

Philip akanipiga bega. "Unaona? Kosa lako limekuwa fasheni. Wengine Mungu anawapenda vibaya."

Nikasema nitaanza kesho.

Agosti 23

Nimeshika msasa mkononi tangu asubuhi. Nimeuweka chini, nimeuchukua. Nimeenda kunywa maji mara nyingi hadi Philip akauliza kama nina sukari.

Nilimwendea Rabin, yuko kwenye randa. "Niambie nisifanye."

"Kwa nini nikuambie?" Hakusimamisha mkono. "Baba mdogo ameuza madirisha kwa watu walioyakata wakatengeneza meza za kahawa. Likishatoka mlangoni si lake tena. Piga msasa, uandikwe fundi, umwite mkeo mwakani ukiwa na karatasi."

"Wewe ungepiga?"

Sasa ndipo aliposimama. "Mimi siwezi. Nimebebwa na mikono ile. Wewe unaweza. Sitakuchukia."

Hilo ndilo lililonimaliza. Angenichukia ningelipiga msasa hadi jioni, kwa hasira tu.

Nimekaa nikatoa na kujumlisha, maana ndivyo kichwa changu kinavyofanya kazi. Nikipiga msasa napata karatasi. Nisipopiga napata jasi. Hesabu ya darasa la kwanza. Lakini mwenye hoteli hakulipenda dirisha la Nepali. Alilipenda la Wamunyu. Alichokiona kiking'aa ni msasa wangu na kiwi yangu. Sasa kwa nini nilivue la mzee ngozi yake, wakati ninachotakiwa kutoa ni changu?

Nikaenda ofisini kwa mudir bila kuitwa, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Philip akanifuata akidhani naenda kumsema.

"Nitawachongea jeusi jipya," nikasema. "Tausi yuleyule, vipimo vilevile. Hili la kahawia sitalipiga msasa."

Mudir akatoa miwani. "Utachonga kwa mti gani?"

"Kuna ubao wa mvule ulibaki tulipotengeneza kaunta ya mapokezi. Upana sentimita sabini. Umetoka Afrika, haujapata kazi."

"Unajua mkahawa unafunguliwa lini?"

"Najua."

"Na usipomaliza?"

"Jasi," nikasema.

Philip akapiga kelele, "Mudir, huyu jua limemwingia!" Mudir akamtazama, akanitazama, akasema kuna watu wanapenda njia ndefu, na akarudisha miwani. Nimeichukua hiyo kama ruhusa.

Agosti 27

Mvule si sal. Unakubali haraka, unapasuka haraka. Kwetu hatuungi vipande, tunachimba kwenye gogo moja, kwa hiyo hili litakuwa dirisha lisilo na kiungo hata kimoja. Nikikosea pembe moja nimekosea lote.

Septemba 2

Marufuku ya adhuhuri imekwisha, joto halijaambiwa.

Septemba 5

Kichwa cha tausi kimepata ufa wa nywele. Nimekaa nje nusu saa nikitazama malori. Nimerudi, nimechonga ufa ukawa ukingo wa kishungi. Mzee Gyan angeniambia nimechafua. Mama yangu angesema nimeokoa.

Septemba 9

Siko hata nusu ya msasa. Leo Rabin amemaliza milango yake, akavuta kiti upande wa pili wa meza, akanyoosha mkono. "Nipe ule mkali."

"Utapiga msasa wewe? Mshilpakari wa Bhaktapur?" Hilo ndilo jina la ukoo wao, wachongaji tangu mababu.

"Huu ni mti wako. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Anakandamiza sana, kama anayesugua sufuria. Nimemkemea mara nne. Nilifurahia zote nne.

Septemba 13

Kiwi. Makopo mawili. Rabin ana weusi mpaka masikioni, anaonekana kama fundi viatu wa mtaani.

Septemba 15

Yametundikwa. Philip alisimama mbele ya la kushoto, la kulia, la kushoto, akashindwa kuyatofautisha, akasema yote aliyasimamia yeye. Madam Rula aliuliza lipi ndilo lililotoka Nepali. Mimi na Rabin tukatazamana. Moja limechongwa na mzee likasuguliwa na mimi. Jingine nimelichonga kwa pigo la mzee, likasuguliwa na mpwa wake. Nilikuwa bado nagawanya robo na nusu kichwani Rabin alipomjibu kwamba taa ya katikati imepinda.

Mudir ameniandika fundi. Alitia sahihi akiwa amesimama. Mama Brandon amesema hongera, kisha akauliza likizo ijayo ni lini, nikaanza kuhesabu miezi.

Septemba 16

Dirisha la kahawia halikuwa na mwenyewe. Tumelipachika kwenye lile tundu kati ya karakana na ofisi ya Philip, ambalo lilikuwa na turubai. Mwanga wa mlangoni unalipiga ubavuni kuanzia saa tisa. Philip amelalamika kwamba sasa akitaka kututukana inabidi ainame atafute nafasi kati ya manyoya.

Septemba 17

Rabin na Wanepali wenzake leo wamezipanga patasi na misumeno yao juu ya kitambaa chekundu, wakaziwekea maua na ubani. Ni siku ya mungu wao wa mafundi, na siku hii chombo hakiguswi. Kinapumzika. Mudir yuko Dubai, kwa hiyo hakuna wa kuombwa ruhusa.

Kazi ilikuwepo, kabati la ghorofa ya tisa. Philip aliinama dirishani akapaza sauti, "Mbona sisikii kitu huko? Agasti! Wewe si Mkristo? Fanya kazi!"

Nilimjibu kwamba nafagia. Nikachukua ufagio, nikafagia kweli, karakana yote, pembe hadi pembe.

Sikuweka ua. Lakini tezo yangu niliilaza mwisho wa meza, karibu na kile kitambaa, na sikuishika hadi jua likazama.